Sauti Chumbani kwa Mama

Mishi alikuwa amechoka kuficha. Mama mkwe, mgonjwa wa kitandani, alikuwa bado hajaambiwa kwamba mwanawe Athmani amefariki.

Alikaa sebuleni, akafungua kompyuta atazame video ya mumewe akirudi kutoka safari. Midomo ya Athmani ilicheza bila sauti. Mishi akaongeza sauti, nayo ikatokea chumbani kwa mama, kwenye spika isiyo na waya ambayo Athmani alimwekea asikilize mawaidha.

"Mama, hujambo? Nimerudi."

Mishi aliifunga kompyuta haraka.

"Sijambo, baba," mama alijibu. Kisha akaita kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu augue: "Mishi! Mpakulie mumeo, amechoka huyo."

Mishi akainuka polepole, akachukua sahani ya Athmani, akaanza kupakua.