Shashi Amshtaki Nyati

Nyati alimfukuza kazi Shashi mbele ya kundi zima, bila onyo wala kumsikiliza. Shashi ni yule ndege aliyekuwa akimtoa kupe mgongoni na kumpigia kelele adui akinyemelea. Hakwenda kulia pembeni, alikwenda kushtaki kwa Hakimu Kakakuona.

Siku ya kesi Nyati alifika na mfanyakazi wake mpya mgongoni, Yangeyange, ndege mweupe, mpole, hasemi neno.

"Mheshimiwa, huyu Shashi ni mropokaji," Nyati alisema. "Kutwa kelele za bure. Mimi nilishaacha kumsikiliza zamani."

"Una shahidi?" Hakimu alimuuliza Shashi.

"Sina, Mheshimiwa."

"Basi kesi yako ni ngumu."

Nyuma ya Nyati nyasi zilitikisika, na upepo haukuwapo. Shashi aliona masikio ya Simba. Yangeyange naye aliyaona, akaruka zake kimya kimya. Shashi akamtazama tajiri aliyemfukuza. Angeweza kunyamaza tu.

Akapiga kelele.

Mahakama ikatawanyika, Hakimu akajikunja kama mpira, na Simba akaambulia patupu.

Baadaye Nyati alirudi akihema, matope hadi kwenye pembe. "Tuendelee, Mheshimiwa. Hana shahidi."

"Anaye," alisema Hakimu, akijikunjua polepole. "Mimi nilijikunja, sikuona kitu. Lakini Shashi hajamaliza kupiga kelele, nikasikia kwato zinakimbia. Na hapa mwenye kwato ni wewe peke yako. Mrudishe kazini."