Walipolala Mapacha

Mwanasha alilala chali juu ya kitanda cha daktari, gauni limepandishwa hadi kifuani. Ngozi ya tumbo lake ilimwagika ubavuni kama unga uliozidi maji. Mapacha wake walifia tumboni mwaka uliopita, wakazikwa kabla yeye hajazinduka kwenye usingizi wa dawa. Hakuwaona. Lakini hadi leo watu sokoni walimpisha kama mjamzito, wakimuuliza atajifungua lini.

Daktari Hemedi alipitisha kalamu ya wino chini ya kitovu chake.

"Tukifanya upasuaji mdogo, tutaondoa ngozi ya hapa chini tu. Ule mkubwa tunakata kutoka nyonga hii hadi hii, tunashona misuli iliyoachana, na kitovu tunakihamisha. Kwa hali yako, dada, nakushauri mkubwa."

"Na hiyo ngozi mnaipeleka wapi?"

"Inachomwa, pamoja na taka nyingine za hospitali."

Mwanasha aliukamata mkono wenye kalamu.

"Ichomwe? Wanangu hawakulala kwingine duniani. Kata yote, daktari, nimechoka kuulizwa. Lakini unipe mwenyewe, nikaizike walipo wao."

Muuguzi aliyekuwa akipanga vifaa pembeni alitoka bila kuagizwa. Aliporudi alikuwa ameshika kipande cheupe cha shuka, kimekunjwa vizuri. Akakiweka miguuni pa Mwanasha, akageukia ukutani.