Meza ya Kuposea

Meza ya kwanza ya kinyozi ilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulikuwa na msimamo wake. Ukiiegemea, inakukimbia. Mtoto wa meza, yaani droo, ndiye usiseme: ukimsukuma ndani hatoki, ukimtoa harudi. Kinyozi aliizunguka pale uani kwake, akaipiga teke dogo la adabu, kisha akakaa chini kwenye maranda.

"Basi tena," alimwambia mchumba wake. "Baba yako atanipa mkono wa kwaheri."

Sharti la meza lilikuwa la baba wa binti, seremala mwenye karakana kona ya soko. Kinyozi alikwenda kuposa amepiga pasi mpaka soksi, na maneno yake matamu ameyapanga. Seremala, mwenye upara ambao haujawahi kumfaidisha kinyozi yeyote, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitengenezee meza ya kuandikia," akasema. "Yenye droo. Bila msumari hata mmoja. Ukiileta, tutazungumza habari za harusi. Ukishindwa, karibu tu kama jirani."

Akampa mbao kavu, nzuri, na mfuko wa vifaa. Mlikuwa na msumeno, patasi, na randa moja ndogo ambayo kinyozi aliishika huku, akaishika kule, mpini ukamsumbua kila upande. Akajua mzee amempa makusudi ili kumkomoa.

Binti aliitambua ile randa. Mpini wake aliuchonga mwenyewe alipokuwa msichana mdogo, uufae mkono wake wa kushoto. Alikulia katika karakana ile, akaunga mbao kabla hajajua kusoma. Mpaka siku mteja mmoja alipolisifia kabati, akauliza ni kazi ya nani, na baba, bila kupepesa macho, akajibu, "Yangu." Kabati lile alikuwa amelitengeneza binti, mwanzo mpaka mwisho. Binti akavua aproni, akaenda kuajiriwa duka la vitambaa, na tangu hapo yeye na baba yake mezani walizungumza habari za chumvi na mvua tu. Mzee ana kichwa kigumu, na binti hakukiokota kwingine.

"Sogea," alimwambia kinyozi.

"Si uliapa hutagusa mbao tena?"

"Sogea, nimesema. Unataka kunioa au unataka kukaa kwenye maranda?"

Basi kila duka likifungwa, binti alipitia uani kwa kinyozi. Yeye kinyozi alipewa kazi mbili, kushika upande wa pili na kunyamaza, na hiyo ya kunyamaza ndiyo iliyomshinda. Binti alikata mbao zilizobaki, akapiga randa, akachonga meno pembeni mwa kila ubao, yakaumana yenyewe bila msumari. Halafu akaanza kuimba. Kinyozi hakuwahi kumsikia akiimba kule dukani. Alimtazama, moyo ukafurahi, kisha ukamuuma kidogo, na wala hakujua kwa nini.

Nyumbani, seremala hakuuliza hata mara moja meza imefikia wapi. Alimtazama binti yake, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, akaomba asogezewe chumvi. Siku moja tu, kama anayeongea na bakuli lake, alisema mbao za aina ile hupasuka zikichongwa kwa pupa karibu na ncha.

Binti aliendelea kula. Kesho yake alichonga polepole.

"Hajashtuka hata kidogo," alimwambia kinyozi. "Akiuliza, sema ni yako. Usiongeze neno. Nakujua wewe."

Waliipeleka kwa mkokoteni. Seremala aliizunguka meza. Aliisukuma, haikutikisika. Akavuta droo kwa kidole kimoja, ikaja, akairudisha, ikaenda taratibu mpaka mwisho. Akavaa miwani, akapitisha kidole gumba pale randa ilipopita, akavua miwani.

"Kazi safi," alisema. "Ya nani?"

Binti alimkanyaga kinyozi mguu. Kinyozi akafungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, fupi, na nyuma yake kulikuwa na harusi. Alimtupia jicho mchumba wake, akamwona ameinamisha uso kama mtu anayengojea kofi analolijua.

"Ni yake, mzee," alisema. "Yote. Mimi nilishika upande wa pili tu. Yangu nimeshaipasua kuni, na hata kuni zilikataa kuwaka vizuri. Kama ni kurudi kama jirani, nitarudi. Lakini hii ni yake."

Binti alimwangalia kama ndiyo kwanza anamwona. Seremala alikwenda nyuma ya rundo la mbao, akavuta kitu kipana kilichofungwa gunia, akalikung'uta vumbi mpaka akakohoa. Alipolifungua gunia, kilikuwa kibao cha duka, rangi yake imeshakauka siku nyingi. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: BINTI NA BABA, MASEREMALA.

Binti alikisoma, akakirudia.

"Ulikiandikisha lini, baba?"

"Zamani," alisema mzee. "Nilikuwa nangoja tu aje kukuposa mtu asiyejua kushika msumeno."

Kisha akamgeukia kinyozi. "Mkwe, hebu shika upande wa pili, tukitundike."