Pale Aliposhikwa

Wimbo wa tisa ulipoanza, mama yake Kiroboto aliweka mkasi chini, akainuka kwenye cherehani, akatoka nje. Ndiyo kawaida yake. Nyimbo nane za kwanza angezivumilia akikanyaga cherehani kama hazisikii, lakini huo wa mwisho ukigusa tu, huyoo, uani.

“Mwacheni,” alisema Profesa. “Muziki huu si wa kila mtu.”

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetoa fotokopi kwa riziki yake, ila kwenye kundi lao la mashabiki wa panki, muziki wa magitaa na makelele, tena panki ile ya mwanzo kabisa, yeye ndiye aliyegawa na kunyima vyeo. Aliyevutwa na mitindo ya nywele aliitwa “wa juzi”. Binti mmoja alifukuzwa kwa kusema wimbo wa nne ni mtamu. Panki, alielezwa akiwa mlangoni, haiwi tamu.

Kipimo cha mwisho kilikuwa huo wimbo wa tisa. Bendi iliyouimba iliacha kaseti moja tu, kabla wao hawajazaliwa, na juu yake hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Kwenye dakika ya mwisho mwimbaji anaacha maneno, anatoa ukelele mrefu wa kutetemeka, ukelele unakatika, na kaseti inaishia hapohapo. Profesa alikuwa akifumba macho kila ulipofika. “Hapo ameshikwa,” angesema. “Muziki umemshika.” Na wenzake wangeitikia kama wako ibadani: ameshikwa.

Kiroboto, waliyembandika jina hilo kwa kurukaruka kwake, alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuwa mwimbaji wa bendi ambayo Profesa alikuwa akiiunda. Miezi miwili aliufanyia mazoezi ukelele ule, uso kaukandamiza kwenye mto. Jumamosi hii mchana ndiyo siku ya mtihani, na mtihani ukaletwa sebuleni kwao, kwa sababu mwenye nyumba wa Profesa alishasema kelele basi.

Aibu ilimtafuna tangu wenzake walipovuka kizingiti. Nyumba nzima ya kizamani, na yote ni mama. Pasi ya mkaa. Cherehani ya miguu. Ile ya umeme aliyoletewa na mjomba ilikuwa juu ya kabati mwaka wa sita sasa, haijatoka hata kwenye boksi lake. Majirani walisema ni ubahili wa mtu asiyetaka kununua umeme wa luku, na Kiroboto naye aliamini hivyo. Mama alimlea peke yake. Baba alifia kazini mimba ikiwa ya miezi mitano, na ni kazi gani hiyo, mama hakupenda kuulizwa.

Ruhusa ya leo aliitoa shingo upande, na kwa sharti moja lisilo na kichwa wala miguu: mwanawe asivue kandambili.

Tena mama, kabla hajatoka uani, alikuwa ameshachokoza. Profesa alikuwa akieleza studio kubwa iliyorekodi kaseti ile, mama akakata uzi kwa meno na kusema, “Studio gani? Hiyo ni gereji. Hamsikii mvua kwenye bati?”

Wakacheka. Profesa akamfafanulia taratibu, kama unavyomfafanulia mtoto, kwamba ile ni mikwaruzo ya kaseti kuukuu, mama. Kiroboto hakumtetea. Alicheka pamoja nao, tena akacheka kwa sauti kuliko wote.

Sasa kaseti ilikuwa imekwisha. Profesa akawasha amplifaya waliyoazima, akampa maiki, halafu akamtazama miguuni.

“Kandambili? Unakwenda kuoga?”

Kiroboto akazipiga teke, zikaingia chini ya meza. Saruji ilikuwa ya baridi. Akaishika maiki kwa mikono miwili, akafumba macho, akauachia ukelele.

Ukatoka wenyewe. Ulianzia tumboni, ukapanda ukitetemeka, ukajaa chumba mpaka vioo vya dirisha vikalia. Hata yeye alishangaa umetokea wapi, maana kwenye mto haukuwahi kuwa hivi. Alipofumbua macho Profesa alikuwa na machozi. “Ni yeye,” alisema. “Ni yeye mwenyewe. Ameshikwa!”

Ghafla spika ikafa. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama.

Mama alikuwa mlangoni anahema, futi ya kupimia bado iko shingoni, mkono ameung’ang’aniza kwenye swichi kubwa ya nyumba. Alikuwa ametoka uani mbio. Wenzake wawili wakaanza kuchekea mikononi, na Kiroboto akaona miezi yake miwili inamwagika sakafuni.

“Unaniaibisha, mama,” alisema. “Muziki wenyewe huujui.”

Mama alimwendea, akampokonya maiki, akaiweka mbali. Akamfungua vidole kimoja kimoja, akavigeuza viganja vyake na kuvitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akainama akamtazama nyayo. Akanyanyuka.

“Huyo mnayemwiga ni baba yako,” alisema. “Na pale haimbi. Umeme ndio uliomshika. Siku ile swichi sikuiwahi.”