Tumbo Ukutani

Tumbo la Becky lilikuwa limetundikwa ukutani, kati ya wigi jekundu na makalio ya kuvaa. Taa ndogo ililimulika.

Lilikuwa la sponji, limevikwa kitambaa cha rangi ya ngozi, na lilikuwa na mikanda mitatu ya elastiki. Becky alilishona mwenyewe akalivaa miezi mitano. Kisha akaaga kwamba anakwenda kujifungulia kwao, kijijini Bahati, akarudi na Nerima, mtoto wa wiki mbili kutoka kituo cha watoto. Mtaa mzima ulikuja kumwona mzazi.

Ukweli aliujua Khisa, mumewe, peke yake. Miaka sita baadaye Becky akamsimulia na kumpa tumbo hilo Cheptanui, msanii aliyekuwa akikusanya, kwa ajili ya maonyesho, vitu ambavyo watu huvaa kudanganya macho ya wenzao. Cheptanui aliahidi kutoandika jina, na kweli hakuandika.

Ila hakuna aliyemfikiria mama mkwe. Nabalayo, mjane wa fundi wa reli, alisikia habari za maonyesho redioni akavaa viatu vya kanisani.

"Mama Nerima, nipeleke," alisema.

Hakuna aliyewahi kumkatalia.

Sasa alikuwa akipita taratibu ndani ya bohari la zamani karibu na stesheni ya Nakuru, mkoba kifuani. Kope za bandia hakuzijali. Makalio aliyakagua kama nyama buchani. Mbele ya tumbo akasimama.

"Mama, twende tukanywe chai," Becky akasema.

"Chai iko kila siku."

Kwa miaka sita Nabalayo aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba Nerima amechukua paji lake la uso, sawasawa na Khisa. Ukiliona hilo paji, alisema, huulizi mtoto ni wa nani. Becky alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuongeza sukari kwenye vikombe vya wageni.

Cheptanui akawakaribia. "Karibu mathe. Hilo unaweza kushika."

Nabalayo akalitoa kwenye msumari. Akalipima uzito kwa mkono mmoja, akaligeuza, akaivuta mikanda.

"Hili limevaliwa."

"Miezi mitano!" Cheptanui akajibu kwa fahari. Halafu akakutana na macho ya Becky, akakumbuka kwamba kuna wageni wengine mlangoni, akaondoka.

"Mama Nerima, simama hapa."

Becky akasimama. Nabalayo akamfunga tumbo juu ya gauni, bila haraka. Mkanda wa kwanza ukafika palepale ulipozoea. Wa pili vilevile. Wa tatu haukuhitaji hata kuvutwa. Vijana wawili wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga picha.

"Limekukaa," Nabalayo akasema.

Akilini Becky alimwona Nerima akifukuzwa kwenye picha za ukoo, na nyanya yake akivuka barabara ili wasisalimiane.

"Mama, nikasirikie mimi," akasema kwa sauti iliyokatika. "Mtoto hana makosa."

"Nani amekasirika?"

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu ulipofika miezi saba. Kijiko kilikuponyoka jikoni kwangu, ukainama ukakiokota kama msichana wa shule."

Becky akaanza kulia, pale pale, tumbo likitikisika. Nabalayo akampa leso. Akamfungua mikanda, akalirudisha tumbo kwenye msumari, akalinyoosha lisikae upande. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama kwa uso wa fundi aliyeonyeshwa kazi ya haraka haraka.

"Shida ni sponji," akasema, akishusha sauti. "Ni nyepesi. Mgongo usipouma, mtu anasahau kutembea vizuri. Mimi Khisa nilimbeba kwa mfuko wa maharagwe tumboni. Kilo nne."