Mheshimiwa Alipofungua Kinywa

"Panua kinywa, mzee. Zaidi kidogo. Ulimi juu."

Mzee Masudi akapanua mbele ya waandishi wa habari. Alikuwa ametoka kijijini Busi na kidonda sugu chini ya ulimi, na bintiye Shamila, mkazi wa Kizota mjini Dodoma, ndiye aliyemfikisha hospitalini. Wakaambiwa wana bahati: siku hiyo inazinduliwa kamera yenye akili mnemba, inayotazama kinywa na kuitambua saratani.

Kwenye kioo likawaka duara jekundu.

"Saratani!" akatangaza mtaalamu wa mashine, Denis, kwa furaha. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, ngoma zikapigwa. Shamila peke yake hakupiga makofi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Yotham, hakupenda magazeti ya kesho yatoke na picha ya mzee wa watu badala ya yake. Akavua miwani, akaketi, akapanua kinywa.

Duara jekundu.

Ngoma zikakatika. Denis akaifuta kamera kwa tai yake, akapiga tena. Duara likazidi kukolea.

"Mashine ina hitilafu," akasema Dokta Fulgence, mganga mkuu, jasho likimtiririka.

"Hitilafu kubwa!" Mheshimiwa akacheka kuliko wote. "Kumbe kwake kila mtu mgonjwa! Mzee, rudi ukalime. Huna kitu."

Watu wakacheka, wakala pilau. Kamera ikafungiwa stoo.

"Twende zetu, mwanangu," akasema Mzee Masudi, uso umemng'aa. "Si umemsikia mkubwa?"

"Nimemsikia, baba. Mashine mbovu, sawa. Na kidonda je?"

Kesho yake Shamila alikuwa mlangoni kwa Dokta Fulgence. Akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa, akarudi, mpaka daktari, kwa kuchoka kumwona tu, akakata kipande cha kidonda akakipeleka maabara. Jibu likaja: saratani, ila bado changa. Wakapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Huko wodini, muuguzi alimwonyesha Mzee Masudi kitanda chake. Cha jirani kilikuwa na mtu aliyefungwa bandeji shingo nzima. Alipowaona, akajifunika shuka mpaka utosini.

"Mwenzenu wa Dodoma huyo," muuguzi akasema. "Tulishampasua, anaendelea vizuri. Yeye aliwahi: alikuja mbio na suti yake, ua la mgeni rasmi likiwa bado kifuani."