Vifungo vya Mbele

Alichoona kwanza mdogo mtu alipoingia ni vifungo. Magauni ya dada yake yalikuwa yamepasuliwa mbele, na rafiki yao fundi cherehani alikuwa akiyatia vifungo, maana kesho dada ataondolewa titi na mkono hautainuka.

"Na huu upande mmoja unipunguzie," dada alitania.

"Nikupunguzie, halafu ukinenepa unilaumu mimi?" fundi alimjibu.

Wakacheka. Mama yao naye alishonewa hivyohivyo. Gauni lake bado lilining'inia nyuma ya mlango, na hakuna aliyelitazama.

Dada akamnyooshea moja lililokwisha kutiwa vifungo. "Hebu jaribu hili, mdogo wangu. Miili yetu imefanana."

Akalivaa, akafunga taratibu. Kwenye kifungo cha tatu vidole vikasimama, palepale vinaposimama kila anapooga.

"Dada," alisema, "na mimi nina uvimbe."